Maji yalikuwa maangavu, samaki wakafa: namna ya kutunza maji ya tangi la samaki wa baharini

Mlinzi wetu wa usiku ndiye aliyeona kwanza. Ilikuwa asubuhi ya siku ya nane tangu tuweke tangi la kioo pale mapokezi ya redio. Samaki wawili kati ya watatu walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga. Wa tatu alikuwa juu kabisa, kinywa kikigusa uso wa maji, akipumua haraka haraka. Kufikia adhuhuri naye alikuwa amekufa.

Kilichotushangaza ni maji yenyewe. Yalikuwa maangavu kiasi cha mtu kuweza kusoma gazeti lililowekwa upande wa pili wa tangi. Hayakuwa na harufu. Yalikuwa maji ya bahari, tena tuliyateka wenyewe, na samaki wale walitoka katika bahari hiyo hiyo. Sasa walikufa kwa nini?

Tuliisimulia habari hii hewani, kwa aibu kidogo, na simu zikaanza kuingia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitaka kuweka tangi darasani lakini anaogopa kuua viumbe mbele ya watoto. Kijana anayevua samaki wa mapambo alisema wake hufa kwenye beseni kabla mnunuzi hajafika, na hasara inabaki kwake. Mama anayeangalia nyumba ya wageni alituambia kwamba mwenye nyumba alimwachia tangi na pakiti ya chakula, akaondoka bila maelezo yoyote. Tuliahidi kuandika tuliyojifunza ili kila mtu ayasome kwa simu yake taratibu, maana hewani mambo hupita haraka.

Sumu isiyoonekana

Samaki hula, na anachokula lazima kitoke. Taka nyingi za samaki hutoka kupitia matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia, na zinatoka zikiwa amonia. Chakula kilichobaki bila kuliwa nacho huoza na kutoa amonia. Kadhalika konokono aliyekufa nyuma ya jiwe bila wewe kujua.

Baharini jambo hili si tatizo. Maji ni mengi, yanatembea, na mchanga na miamba imejaa bakteria wanaoila amonia hiyo. Lakini tangi la lita 100 ni kama mtungi. Samaki watatu wanakula, wanatoa taka, na taka haina pa kwenda. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kidogo kinachotosha kuua samaki, pua ya binadamu haiisikii. Ndiyo maana maji yetu yalikuwa maangavu huku samaki wakiungua matamvua. Yule aliyekuwa juu akihema hakuwa amekosa hewa kwenye maji. Viungo vyake vya kupokea hewa vilikuwa vimeharibika.

Kuna jambo moja linalofanya tangi la maji ya chumvi liwe gumu kuliko tangi la perege. Amonia ndani ya maji huwa ya aina mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye sumu ndogo sana, na zinabadilikabadilika kulingana na uchachu wa maji. Kipimo cha uchachu huo huitwa pH. Maji yakiwa na pH ya 7, sehemu kubwa ya amonia iko katika hali ile isiyo na madhara makubwa. pH ikipanda hadi 8, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Maji ya bahari kwa kawaida yana pH ya 8.1 au 8.2. Kwa hiyo kiasi cha amonia ambacho perege bwawani anakivumilia kinaweza kumuua samaki wa baharini. Joto nalo huongeza sumu hiyo, na sisi wa pwani joto tunalo.

Msikilizaji mmoja aliuliza kama anaweza kutia magadi ili maji "yapate nguvu". Tafadhali usitie. Magadi hupandisha pH kwa ghafla, na kama maji yana amonia hata kidogo, utakuwa umeigeuza kuwa sumu kali kwa dakika chache. Yaache magadi kwenye maharage.

Fuga maji kwanza

Kosa letu lilikuwa haraka. Tulijaza tangi siku ya Jumatatu, na Jumanne samaki wakaingia. Tangi lilikuwa safi, mchanga umeoshwa, chujio ni jipya kutoka dukani. Hapakuwa na bakteria wa kutosha wa kuila amonia, na bakteria hao hawaji kwa siku moja.

Wanaohitajika ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kuigeuza kuwa nitrati. Majina yanafanana, na sisi wenyewe tuliyachanganya mara kadhaa, kwa hiyo kumbuka mfuatano wake: amonia, nitriti, nitrati. Ya kwanza ni sumu kali. Ya pili pia ni sumu, ingawa samaki wa maji ya chumvi huivumilia kuliko samaki wa mtoni, kwa sababu chumvi huizuia kuingia kwenye damu kwa urahisi. Ya tatu haina madhara makubwa mpaka ijikusanye kwa wingi, na dawa yake ni kubadilisha sehemu ya maji.

Bakteria hawa hawaelei tu ndani ya maji. Huishi wakiwa wameganda juu ya vitu: mchanga, mawe, sponji ya chujio. Wanataka mahali pa kushika, maji yanayotembea yenye hewa, na chakula chao, yaani amonia. Kwa hiyo tangi linaandaliwa hivi. Unalijaza maji ya chumvi, unaweka mchanga na mawe, unawasha pampu, kisha unatia kitu cha kuoza badala ya samaki. Sisi mara ya pili tulitumia kamba mmoja mbichi, wale kamba wa kula, tukamfunga kwenye kipande cha neti ili tuweze kumtoa. Baada ya siku chache palinuka kidogo pale mapokezi, na wageni walituangalia kwa macho ya mashaka. Tulivumilia.

Kila baada ya siku mbili tatu tulipima. Vipimo vya matone vinauzwa katika maduka ya samaki wa mapambo mijini: unachota maji kwenye kichupa, unatia matone, unasubiri dakika zilizoandikwa, unalinganisha rangi na karatasi. Amonia ilipanda kwanza. Wiki ya tatu ikaanza kushuka, na nitriti ikapanda. Kisha nitriti nayo ikashuka na nitrati ikaonekana. Siku amonia na nitriti zote mbili ziliposoma sifuri, na zikabaki sifuri kwa siku kadhaa mfululizo ingawa tuliendelea kutia chakula kidogo cha samaki, ndipo tulijua bakteria wamekamilika. Kwetu ilichukua siku 39. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita, na kwenye baridi huchukua muda mrefu zaidi.

Unaweza kuharakisha ukipata sponji iliyotumika au mchanga kidogo kutoka tangi la mtu mwingine ambaye samaki wake ni wazima. Bakteria watakuja pamoja nao. Lakini usiende kung'oa jiwe hai la matumbawe mwambani. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuchukua kitu chochote, si samaki, si kombe, si tumbawe. Na nje ya hifadhi, tumbawe hai ukilitia kwenye tangi la mtu anayeanza litakufa, lioze, na litoe amonia ile ile unayoikimbia. Jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu kwa ajili ya kujengea nyumba linatosha kabisa, mradi lisiwe na saruji wala rangi na uwe umelisugua na kulisuuza vizuri.

Kuteka maji ya bahari

Anayeishi mbali na pwani hulazimika kununua chumvi maalumu ya matangi na kuichanganya na maji. Chumvi ya jikoni haifai. Ile ni aina moja tu ya chumvi, tena imetiwa madini joto, wakati maji ya bahari yana pia magnesi, kalisi, potasi na vitu vingine ambavyo samaki na konokono wanavihitaji. Kwa kila lita ya maji inatakiwa karibu gramu 35, maana yake tangi la lita 100 linameza kilo tatu na nusu, na bei si ndogo. Ichanganye kwenye ndoo ya plastiki, iache izungushwe na pampu kwa siku nzima, ndipo uitumie. Usiimwage kamwe moja kwa moja ndani ya tangi lenye samaki.

Sisi tulio karibu na bahari tunayapata maji bure, lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Wavuvi wanaotusikiliza wanalijua hili kuliko sisi. Mto Sabaki ukifurika wakati wa mvua, bahari hugeuka rangi ya udongo. Wakati wa kaskazi tope hilo husukumwa kusini kuelekea Malindi, na wakati wa kusi huelekea upande wa kaskazini. Maji ya namna hiyo yamepungua chumvi, na yana udongo na chochote kilichooshwa mashambani huko juu, dawa za mimea zikiwemo. Usiyateke.

Teka maji yanapojaa, si yanapokupwa. Maji yanayojaa yanatoka bahari kuu, yale yanayokupwa yanarudi na uchafu wa ufuoni. Chagua ufuo ulio wazi, mbali na mlango wa mto, mbali na bandari na mahali boti zinapotiwa mafuta, mbali na mfereji wa hoteli. Baada ya mvua kubwa ngoja siku kadhaa.

Tazama na chombo. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa, dizeli au dawa ya kunyunyizia mimea hausafishiki, hata uuoshe mara kumi. Ndoo ya bati nayo weka kando, kwa sababu chumvi hula bati, na zinki inayotoka humo ni sumu kwa viumbe wa baharini. Tumia mitungi ya plastiki iliyobeba maji ya kunywa au mafuta ya kupikia na ikaoshwa vizuri. Ukifika nyumbani, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichosuuzwa sabuni yote, kisha yaache yatulie kwenye chombo kilichofunikwa, gizani, kwa siku chache. Viumbe vidogo vilivyomo vitakufa na kushuka chini pamoja na vumbi. Chota ya juu, acha mashapo.

Chumvi haipandi na mvuke

Hapa ndipo tulipokosea mara ya pili, na tunaona watu wengi wanaanguka hapa hapa.

Maji ya tangi hupungua. Kwenye chumba chenye feni, tangi la lita 100 linaweza kupoteza lita tano kwa wiki bila tone kumwagika. Yamekuwa mvuke. Mlinzi wetu, mtu mwenye bidii, alikuwa akijazia kwa maji ya bahari kutoka mtungi wa akiba. Ni jambo linaloonekana sahihi: tangi ni la maji ya bahari, basi lijazwe maji ya bahari.

Lakini aliyewahi kufika kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kule Magarini, anajua kinachotokea maji ya bahari yakikauka juani. Maji huondoka, chumvi hubaki. Ndani ya tangi ni vivyo hivyo. Piga hesabu nasi. Lita 100 za maji ya bahari zina kilo 3.5 za chumvi. Zikipotea lita tano, chumvi yote kilo 3.5 imebaki. Ukijazia lita tano za maji ya bahari, umeongeza gramu 175. Fanya hivyo kwa wiki nane na utakuwa na kilo 4.9 katika maji yale yale lita 100, yaani gramu 49 kwa lita badala ya 35. Samaki gani atakaa humo?

Kwa hiyo yanayopungua kwa mvuke hujaziwa maji matamu, yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku au kila baada ya siku mbili. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo siku ya kwanza, na usiruhusu maji yashuke sana chini ya mstari huo. Maji ya bahari ni ya ile siku ya kubadilisha maji, pale unapotoa maji ya zamani yenye chumvi yake na kurudisha kiasi kile kile.

Maji matamu gani? Bora zaidi ni yale yaliyochujwa kwa mashine mpaka madini yote yametoka. Maji ya mvua ni mazuri, lakini acha mvua ya kwanza ioshe paa, na usitumie yaliyoteremka kwenye mabati, kwa sababu ya ile zinki tuliyoitaja. Kinga kwa turubai safi la plastiki au beseni uwanjani. Maji ya bomba yana klorini, nayo inaua samaki na bakteria wako pia. Ukiyaacha wazi kwenye ndoo kwa siku nzima huku pampu ya hewa ikitoa mapovu, klorini ya kawaida huondoka. Lakini baadhi ya mitambo ya maji hutumia klorini iliyochanganywa na amonia, na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Inahitaji dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki. Maji ya kisima cha karibu na choo au shamba la mbolea huweza kuja na nitrati yake tayari, na visima vingi vya pwani vina chumvichumvi. Yapime kwanza.

Kupima chumvi, kuna haidromita, kifaa kinachoelea juu zaidi chumvi inapozidi. Maji ya bahari husoma karibu 1.025. Kama huna, kuna njia ya kijijini iliyotusaidia mwezi wa kwanza. Chukua bomba la kalamu ya plastiki, ziba chini kwa nta, tia kokoto ndogo ili lisimame wima likielea, kisha ziba juu. Lieleze kwenye maji mazuri ya bahari uliyoyateka leo, na uweke alama palipofika maji. Kesho yake lieleze kwenye tangi. Alama ikiwa juu ya maji, chumvi imezidi. Ikiwa imezama, chumvi imepungua. Halikupi namba, lakini linakuambia kama tangi lako bado linafanana na bahari. Hakikisha tu maji yote mawili yana joto moja, maana maji ya moto ni mepesi.

Joto, hewa na umeme unaopotea

Samaki wengi wa miamba yetu wanaishi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi. Weka tangi mbali na dirisha la jua na mbali na jiko. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji matamu, karibu sehemu moja ya tano pungufu kwa joto la nyuzi 25, na kadiri yanavyopata joto ndivyo hewa inavyozidi kupungua. Kwa hiyo tangi la samaki wa baharini halikai bila pampu.

Umeme ukipotea, samaki si wao pekee wanaokosa hewa. Bakteria walio ndani ya chujio nao hukosa, na chujio lililosimama kwa saa nyingi likiwa limejaa taka linaweza kurudisha maji machafu ndani ya tangi siku umeme unaporudi. Tulichofanya usiku mmoja wa giza ni kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, kikombe baada ya kikombe, dakika tano kila nusu saa. Si mzaha, njia hii inafanya kazi. Msilishe samaki wakati huo. Siku hizi tunayo pampu ndogo ya hewa ya betri, na wenye sola ndogo ya nyumbani wanaweza kuendesha ile ile. Chujio likiwa limekaa muda mrefu bila umeme, lifungue na usuuze sponji kabla ya kuliwasha. Suuza kwa maji yaliyotoka kwenye tangi, kamwe si ya bomba, usije ukaua bakteria uliowangoja wiki sita.

Yanayoingia bila kukusudia

Dawa ya mbu ya kupuliza inaua samaki upesi sana, na pampu ya hewa huinyonya kutoka chumbani na kuipeleka moja kwa moja ndani ya maji. Kwenye chumba chenye tangi tumia neti ya mlangoni na kitandani. Ikibidi kupuliza, zima pampu, funika tangi lote kwa plastiki, na uache chumba kipate hewa kabla ya kufunua. Mkono wenye sabuni, mafuta au losheni usiingie majini. Na kama ninyi ni watu wa wageni kama sisi, angalieni wanaotupia samaki mahamri. Tulimkuta mzee mmoja, tunamheshimu sana, akimega biskuti yake na kuwagawia. Biskuti ile haikuliwa, ilizama nyuma ya jiwe, na siku tatu baadaye amonia ikaonekana.

Lisha mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachoisha kwa dakika mbili. Samaki mdogo tumbo lake halizidi jicho lake sana. Atakutazama kama mwenye njaa kila ukipita, usimwamini.

Wale wanaoweka samaki kwenye beseni kabla ya mnunuzi kufika wanaweza kutumia hayo hayo. Usiwalishe siku ya kuwasubiri, kwa maana asiyekula hutoa amonia kidogo. Wagawe kwenye vyombo viwili badala ya kuwabana kimoja. Wape mapovu ya pampu, waweke kivulini, na ubadilishe nusu ya maji asubuhi na jioni kwa maji mapya ya bahari yenye joto lile lile. Kila samaki anayefia kwenye beseni ana mwenzake mwambani ambaye itabidi avuliwe kujaza nafasi yake.

Ratiba yetu ya Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi tunabadilisha lita 10 hadi 15 katika lita 100. Tunanyonya uchafu juu ya mchanga kwa mpira, tunapima, kisha tunarudisha maji ya bahari yaliyotulia, yenye joto na chumvi sawa na ya tangi. Maji yote hayabadilishwi kwa mkupuo, kwa sababu mabadiliko ya ghafla humuumiza samaki kama uchafu wenyewe. Nitrati tunataka ibaki chini ya miligramu 20 kwa lita. Ikizidi, tunabadilisha maji mengi kidogo na kupunguza chakula.

Amonia ikionekana, hata kwa rangi hafifu tu, mambo manne hufanywa siku hiyo hiyo. Tunaacha kulisha, tunabadilisha robo ya maji, tunaongeza mapovu, na tunatafuta kilichokufa au kilichooza. Kesho yake tunapima tena, na tukihitaji tunabadilisha robo nyingine.

Simu yako ni daftari zuri. Piga picha ya vichupa vya kipimo pamoja na karatasi ya rangi, mahali pamoja, kwenye mwanga wa mchana. Ukiwa na picha nane za Jumamosi nane utaona maji yanaelekea wapi kabla samaki hajakuambia. Pia ni rahisi kumtumia mtu anayejua zaidi, badala ya kumwelezea kwa maneno kwamba "ni kijani lakini si kijani sana".

Samaki wapya tuliwaingiza wawili tu, kisha tukangoja wiki mbili kabla ya kumleta wa tatu, ili bakteria waongezeke kulingana na taka. Mfuko waliokuja nao tulipouelea juu ya tangi kwa robo saa joto lilingane, tukaufungua na kutia kikombe kimoja cha maji ya tangi kila baada ya dakika chache kwa nusu saa. Kisha tukawatoa kwa neti. Maji ya mfuko, yenye taka za safari, tuliyamwaga nje.

Jumamosi iliyopita amonia ilisoma sifuri, nitriti sifuri, nitrati 10, joto nyuzi 27. Mwalimu yule ametuma picha ya tangi la darasa lake: maji, mchanga, mawe mawili na kamba mmoja ndani ya neti. Yuko wiki ya tatu. Anasema watoto wanauliza kila siku samaki watakuja lini, na harufu imeanza kupungua.